Waziri Mkuu Aliyeitaka Kura ya Montfraisse

Tarehe 31 Machi, baada ya miaka thelathini na tisa ya utumishi, Balozi Gaspard Verdelhan anastaafu rasmi kutoka wizara yetu ya mambo ya nje. Miezi kumi na minne kati ya hiyo alikuwa Waziri Mkuu wa Ufaransa, kipindi ambacho sisi wa idara ya itifaki tumezoea kukiita likizo yake.

Aliyefanya naye kazi anaijua adha yake: hakai. Alipokuwa Roma aliandika ripoti amesimama, karatasi juu ya kabati. Lisbon alijadiliana na mabalozi wenzake huku akiizunguka meza, nao wakigeuza shingo kumfuata, na mkataba wa uvuvi ukasainiwa labda kwa sababu walichoka. Hapa Paris tulimpelekea mafaili tukimkimbilia kwenye korido. Viatu vyangu ni shahidi.

Rais alipomwita kuongoza serikali, hakuwa amewahi kugombea hata kiti kimoja. Bungeni walimshikia bango kwa hilo. Siku ya kura ya kutokuwa na imani naye, iliyoletwa na mswada wake wa kufunga njia ndogo za reli, mbunge mmoja wa milimani alisimama akamwambia, "Wewe bwana, hata kijijini kwa mama yako hakuna aliyekuchagua. Unatufungia treni kwa idhini ya nani?" Bunge zima lilicheka. Serikali ya Verdelhan ilianguka siku hiyohiyo, na nawaambieni wazi, kilichomuuma si kupoteza cheo. Ni lile swali.

Ndiyo maana miezi michache baadaye akaenda Montfraisse, kijijini kwa mama yake, kugombea ubunge. Sokoni alimkuta Bibi Huguette Pagès, muuza jibini la mbuzi. Kule watu husalimiana kwa kubusiana mashavuni mara tatu. Bwana wetu, aliyewafundisha mabalozi wa nusu ya dunia nani atangulie mlangoni, alibusu mara mbili kama tufanyavyo Paris, akageukia meza ya pili. Bibi alibaki na shavu hewani mbele ya soko zima.

"Mwacheni," alisema. "Anawahi treni kabla hajaifunga."

Maneno hayo yalifika kila kijiji kabla yake. Alishindwa vibaya, na alistahili.

Wengine wangekaa nyumbani wakala pensheni. Yeye alibisha hodi wizarani, akaomba kazi. Alipewa chumba karibu na ngazi za nyuma, awafundishe maofisa wapya. Aliwafundisha akitembea. Lakini kila mwisho wa mwezi alipanda treni ileile aliyoshindwa kuifunga, akaenda Montfraisse, na huko, tunaambiwa, alianza kukaa. Bibi Huguette alimwekea kiti jikoni kwake. "Ukiondoka kahawa bado ya moto," alimwambia, "hujanitembelea, umepita tu." Kwa miaka sita alikaa. Goti lilitikisika chini ya meza, lakini alikaa, akasikiliza habari za maji, za barabara mbovu, za shule iliyobakiwa na watoto tisa.

Mwezi huu kijiji kimechagua baraza lake, na jina lake lilikuwa kwenye karatasi ya kura. Jumapili ile sisi wa itifaki, watu wazima na akili zetu, tulikuwa na wasiwasi kuliko siku ya kumchagua rais. Alinipigia simu mwenyewe.

"Wamenichagua," alisema. "Wa mwisho kati ya kumi na mmoja, lakini wamenichagua."

Na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu sikusikia nyayo zake kwenye simu.

Diwani Verdelhan, asante kwa kutukimbiza miaka yote hii. Korido itakuwa kimya, na hatutaipenda. Tunakuombea afya na siku njema huko Montfraisse, miongoni mwa watu waliokuchagua.