Nafasi Aliyonyimwa Daktari Taratibu

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Sogezeni viti, punguzeni kelele za masufuria, tukae na jina la mtu mmoja aliyetutoka wiki mbili zilizopita. Wenzake wodini walimwita Daktari Taratibu. Mtoto akilia, yeye alisema, "Taratibu." Muuguzi akikimbia na sindano, "Taratibu." Ndugu wa mgonjwa akija juu mlangoni, "Taratibu, mzee wangu, tutafika." Jina likamganda. Hata sisi leo tutamwita hivyohivyo, Taratibu.

Taratibu alikuwa daktari wa watoto. Tunalisema hilo mwanzo kabisa, maana kuna miaka mingi ambapo watu waliambiwa kwamba si daktari tena. Alikuwa daktari. Alisoma kwao, akafuzu kwao, akafanya kazi kwao katika wodi ya watoto mpaka akawa ndiye anayeitwa wengine wakishindwa. Mume wake naye alikuwa daktari. Walisoma darasa moja, wakaoana, wakapata binti mmoja. Binti alipokuwa ameanza tu kuongea, wakahamia nchi nyingine.

Sasa, wasikilizaji, wengi hudhani daktari akihama huvaa koti lake na kuendelea alipoishia. Sivyo. Kule walikokwenda, cheti cha kwenu hakikupi ruhusa hata ya kumwandikia mtu dawa ya kikohozi. Kwanza vyeti vyako vinahakikiwa. Kisha unafanya mitihani yao, sehemu baada ya sehemu. Kisha unatafuta hospitali ikuruhusu usimame nyuma ya daktari mwenyeji, mikono mfukoni, uangalie bila kugusa mgonjwa, ili madaktari wakubwa wa pale wapate la kusema juu yako. Ndipo unaomba nafasi ya mafunzo ya ubingwa. Ukiitwa kwenye usaili, shukuru. Na ukipata nafasi, unaanza chini, unakesha na kusimamiwa miaka mitatu, minne, hata kama kwenu ulikuwa mkuu wa wodi.

Na kuna jambo moja zaidi. Tushike hili vizuri. Matokeo ya mitihani ile yana muda wake. Muda ukipita, yanakufa. Na kila mwaka unaoongezeka tangu umalize chuo, hospitali zinakutazama kwa jicho la pembeni. Kwa daktari mgeni, kusubiri si kukaa tu. Kusubiri ni kupoteza.

Taratibu na mume wake walifaulu mitihani mwaka uleule. Lakini walikuwa na mtoto mdogo, hawana ndugu wa kumwachia, na mmoja alilazimika kuingiza mshahara. Wakakaa jikoni, kwenye nyumba yao ya ghorofa ya tatu, dirisha likitazama ukuta wa jirani. Mume ndiye aliyesema.

"Niende mimi kwanza. Nikimaliza, zamu yako. Mimi nitabaki na mtoto, wewe utasoma."

Taratibu akamwambia, "Unaniahidi?"

"Mke wangu, mimi na wewe tunaahidiana tena?"

Mdogo wake Taratibu, aliyekuwa amekuja kuwatembelea, alikuwepo jikoni siku hiyo. Ametuambia hivi: "Dada alicheka. Aliona aibu kwamba ameuliza. Alimwamini shemeji kama anavyoamini mkono wake wa kulia."

Basi Taratibu akachukua kazi ya uhudumu wa wodi katika hospitali nyingine ya mji uleule. Alitandika vitanda, akaosha wagonjwa, akasukuma machela. Alikuwa daktari, na alisukuma machela. Jioni alimwandalia mume wake usaili. Alikaa upande mmoja wa meza, akajifanya mkuu wa idara, akakunja uso, akamuuliza maswali. Mume akijibu ovyo, anarudishwa mwanzo. Mdogo wake anasema zoezi lile lilirudiwa mpaka jirani wa chini alipokutana nao kwenye ngazi akawauliza, "Yule mtoto mwenye degedege mnayemzungumzia kila siku, bado hajapona tu?"

Mume akapata nafasi. Akapata kwenye hospitali kubwa, katika idara ya watoto, fani ileile ya mke wake. Taratibu alimpigia mama yake simu akilia kwa furaha. "Mama, mmoja wetu ameingia! Mlango umefunguka!"

Mwaka wa kwanza ukapita. Wa pili ukapita. Mume anatoka alfajiri, anarudi hoi, anakula amesimama. Taratibu anabeba kazi, anabeba mtoto, anabeba nyumba. Hakulalamika. Alijua hesabu ya mafunzo yale. Alijua ni miaka minne. Mwaka wa tatu ulipofika alimwambia mume wake, "Huu ndio wakati wa mimi kuanza kuomba. Mkuu wa idara yako anakujua. Nimwombe nije kusimama wodini kwake, hata kwa kuangalia tu."

Mume akajibu, "Mwaka huu hawapokei wageni. Subiri kidogo."

Mwaka wa nne akauliza tena. Jibu likawa lilelile. "Hawapokei wageni. Vuta subira, mama watoto, mambo yatakaa sawa."

Akavuta subira. Na katika kuvuta subira, matokeo ya mitihani yake yakafa.

Wasikilizaji wapendwa, sasa tunafika kwenye ukumbi. Mume amemaliza, amekuwa bingwa. Idara imewafanyia wahitimu sherehe: vitambaa vyeupe mezani, keki, spika inayokoroma. Taratibu amevaa gauni jipya la buluu. Amesimama karibu na meza ya vinywaji, binti yake akimvuta mkono. Mkuu wa idara, mzee mpole mwenye miwani ya kusomea iliyoning'inia kifuani, akamjia akitabasamu.

"Wewe ndiye mke wa daktari wetu! Nimesikia sana habari zako. Inasikitisha, ningependa kufanya kazi na wewe."

Taratibu akatabasamu pia. "Nami pia, mzee. Labda mwakani mkianza kupokea wageni."

Mzee akashangaa. "Wageni? Tunawapokea kila mwaka. Wewe mwenyewe nilikuulizia mara mbili. Nilimwambia mumeo, mlete, asimame na sisi, tumwone, kisha tumfanyie usaili. Akasema umeamua kuachana na udaktari. Kwamba umechoka nao, unataka kukaa na mtoto. Nikasema basi, ni uamuzi wako, nauheshimu."

Mara mbili. Mzee aliulizia mara mbili. Mume akajibu mara mbili kwamba mkewe hataki. Na nyumbani, mara mbili zilezile, alimwambia mkewe kwamba hospitali haitaki.

Taratibu hakufanya fujo. Alimshukuru mzee kwa ukarimu wake. Alisubiri mpaka picha zikapigwa, akasimama kando ya mume wake, akapigwa picha. Yaliyofuata tunayajua kwa sababu binti yao, aliyekuwa na umri wa miaka minane, alikuwa kiti cha nyuma cha gari. Leo ni mtu mzima. Ametusimulia mwenyewe.

"Mama aliuliza, 'Ni kweli alikuambia unilete?' Baba akawasha gari. Mama akauliza tena. Baba akasema, 'Tutaongea nyumbani.' Mama akasema, 'Tuongee hapa. Nyumba nzima iko humu ndani ya gari.'"

Ndipo mume akasema, "Nilikuonea huruma. Ulikuwa umechoka. Na sote wawili tukiwa kwenye zamu, mtoto angebaki na nani?"

"Na baba yake," akajibu Taratibu.

Binti anasema gari lilikwenda mpaka nyumbani, likaegeshwa. Baba alipozima gari akasema, "Basi, kesho nitaongea na mkuu." Mama akafungua mlango. "Ulishaongea naye," akasema, akashuka.

Mdogo wake anasema dada yake alimpigia simu siku ya pili, sauti kavu kabisa. "Aliniambia, 'Mdogo wangu, laiti angeniambia hapana. Hapana ningepambana nayo. Huyu alinikalisha kwenye foleni ambayo alishaifunga yeye mwenyewe.' Mimi nikatukana. Yeye hakutukana. Aliniuliza tu kama bado nina vile vitabu vyake vya chuo."

Wasikilizaji, Taratibu alianza upya. Mitihani ile aliyokuwa ameifaulu, akairudia yote. Aliisoma kwenye chumba cha kubadilishia nguo pale kazini, wakati wa mapumziko, viatu amevivua, kitabu juu ya magoti. Akafaulu tena. Akaomba nafasi kila palipokuwa na hospitali. Mwaka ule hakuitwa popote. Alikuwa ameshamaliza chuo zamani mno. Maombi yake yaliwekwa kando kabla hayajasomwa. Mwaka uliofuata akaitwa mahali pamoja. Wasaili wakamuuliza, "Miaka yote hii tangu ufuzu, ulikuwa wapi?" Akajibu kwamba alikuwa akilea. Hakutaka kumwaga mambo ya nyumba yake mbele ya wageni. Wakamshukuru, wakamnyima.

Hebu fikirini. Aliyemdanganya ni mwingine, na aibu alikuwa anaificha yeye.

Mwaka wa tatu akaitwa na hospitali ndogo, mji wa mbali, wodi moja tu ya watoto. Swali likawa lilelile. Ulikuwa wapi? Safari hii hakufunika kombe.

"Nilidanganywa," akasema. "Na mtu niliyemwamini. Sasa nimeshajua, na nimekuja kufanya kazi."

Wakamchukua.

Mume aliposikia anahama na mtoto alimwambia, "Unavunja nyumba." Taratibu alikuwa akikunja mashuka. "Nakwenda zamu," akasema. "Ni zamu yangu."

Alianza mafunzo akiwa na nywele zenye mvi. Msimamizi wake alikuwa binti wa kumzaa. Wagonjwa walikuwa wakimsalimia Taratibu kwa heshima zote, wakidhani ndiye mkubwa, kisha wanamwagiza msimamizi akalete maji ya kunywa. Muuguzi mkuu wa wodi ile ametuambia: "Yule msimamizi mdogo aliona haya, akawa anamwita Mama hata mbele ya wagonjwa. Siku moja Taratibu akamshika bega. 'Mwanangu, niite vyovyote, ila nikikosea unisahihishe. Sikuja huku kuheshimiwa. Nimekuja kumaliza.'"

Lakini msidhani lilikuwa jambo jepesi. Muuguzi huyohuyo alimkuta siku moja kwenye chumba cha dawa, amegeukia rafu, analia. Alikuwa amezuiwa kumtoa mtoto maji ya uti wa mgongo mpaka msimamizi afike, kazi ambayo kwao aliwafundisha wengine. Muuguzi akamwambia, "Usilie, ni utaratibu tu." Akajibu, "Silii kwa sababu ya utaratibu. Ningekuwa nimeshayapita haya. Nilipofaulu mara ya kwanza, mtoto wangu alikuwa hajaanza hata shule. Ningekuwa nimeshayapita."

Akajifuta uso, akarudi wodini.

Akamaliza. Tunarudia, wasikilizaji, alimaliza. Akawa daktari bingwa wa watoto, akabaki palepale kwenye hospitali ndogo iliyomsikiliza. Alifanya kazi ya ubingwa miaka sita. Miaka sita, ambayo ingekuwa kumi au zaidi. Kisha akapata saratani ya kongosho, na saratani ile haikumpa nafasi. Lilikuwa suala la miezi michache.

Mume wake alikuja. Tumwelezee kwa haki: alikuja mapema, akakaa kwenye benchi la korido siku nzima, koti mapajani, mpaka Taratibu akasema aruhusiwe kuingia. Binti alikuwa upande wa pili wa kitanda. Baba alipiga magoti. Akasema, "Nisamehe. Niliogopa. Nilijua ungekuwa bora kuliko mimi, palepale, kwenye wodi yangu."

Taratibu alimtazama. Akasema, "Nimekusikia."

Jana mume alitupigia simu hapa studio. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyevunjika. Alituomba tuwaambie kwamba walipatana, kwamba mkewe alimsamehe. Tukampigia binti. Binti akasema: "Mama alikuwa anachagua maneno. Angetaka kusema amesamehe, angesema. Semeni alichosema."

Basi tumesema alichosema.

Tunampa pole binti yake, ambaye mwaka huu anamaliza chuo cha ufundi wa magari na ambaye, tunaambiwa, hapendi kabisa harufu ya hospitali. Tunampa pole mdogo wake, na mama yao mzazi ambaye amebaki kumzika aliyetarajia amzike yeye. Pole kwa wauguzi na madaktari wa ile wodi moja. Na pole kwa mume wake pia. Amefiwa, na ana mzigo wa kubeba ambao sisi hatuwezi kumtua.

Nanyi mnaotusikiliza, kabla hamjainuka. Ndani ya nyumba zetu kuna watu waliokubali kukaa kando ili mwingine apite. Mke, mume, dada aliyeacha masomo kaka asome. Wengine wameacha hata kuuliza. Msingoje waulize. Ukishapita, geuka nyuma, umwambie ukweli mapema, hata kama ukweli wenyewe ni kwamba unaogopa.

Daktari Taratibu, daktari bingwa wa watoto. Pumzika.