Mpaka Mtu Aseme Nimepokea

Haya. Wa kanisani nawasalimu, wa msikitini nawasalimu, na nyie mliokuja kwa sababu mmesikia leo kuna wali, nawasalimu pia. Sogeeni karibu, sauti yangu si ya spika.

Kwenye kikundi hiki mimi huwa nasikiliza. Mnaougua na mnaouguza ndio mnasimama hapa mbele, mimi nakaa pale kwenye benchi natikisa kichwa. Sasa wiki iliyopita mama mmoja, simtaji, akaniuliza mbele ya watu: "Daktari, sisi tumeshasema yetu yote mpaka ya chumbani. Wewe lini?" Mkacheka sana. Nilipofika nyumbani swali likawa bado linanizunguka kichwani. Basi ni leo.

Mnanijua kama daktari wa vichaa. Msikatae, ndivyo mnavyoniita kule sokoni, nimesikia kwa masikio yangu. Lakini kabla ya hapo nilikuwa mtoto wa kike wa Majengo, hapa hapa Mpanda, wa mama aliyekuwa akilima mpunga kwao Majimoto na kurudi mjini na magunia yake juu ya lori. Nikasoma udaktari, nikafanya kazi, kisha mwajiri akaniruhusu niende Dar kusomea ubingwa wa magonjwa ya akili. Huko tulikuwa tunaitwa marezidenti. Yaani wewe ni daktari tayari, lakini unafundishwa upya, unakesha wodini, na bado unaulizwa maswali kama mtoto wa shule.

Ndugu zangu, nawaambia, miaka ile nilipakumbuka nyumbani mpaka nikawa naona aibu. Wenzangu wanakwenda kutembea, mimi natafuta kwenye simu video ya mtu yeyote aliyepita Mpanda, nione tu lile vumbi. Nilitamani samaki wetu, mgebuka wa kukaanga. Nilitamani kumsikia mama akigombana na bodaboda kuhusu nauli. Kila mavuno alikuwa ananitumia mchele wa Majimoto, umefungwa kwenye kiroba kwa kamba ya katani, na mafundo ambayo hakuna mtu aliyeweza kuyafungua zaidi yangu. Tulikuwa tunaupika kwenye chumba cha zamu. Alikuwepo rezidenti mwenzangu mmoja, mwanamke wa mkoa mwingine, huyo alikuwa akisikia harufu ya ule wali anaacha mafaili yake. Alikuwa anasema, "Mama yako simjui, lakini nitamtambua kwa mchele."

Kulikuwa na desturi moja wodini, nataka muishike kwa sababu ndiyo iliyoniokoa. Zamu ikiisha, huondoki hivi hivi. Unamsimulia mwenzako kila mgonjwa: huyu ni mwanamke wa umri fulani, ameletwa na nani, analalamika nini, usiku alilalaje. Jina husemi kama kuna watu wanapita. Ukimaliza unasema, "Nimekukabidhi." Na yeye lazima aseme, "Nimepokea." Asipolisema hilo neno, hata kama umesimama tangu jana na miguu imevimba, zamu bado ni yako.

Mwaka wa mwisho, mitihani ikiwa imekaribia, mama akafariki. Presha. Nilikuja, nikazika Majimoto, na kabla matanga hayajaisha nikapanda basi kurudi kwenye mtihani. Wote wakaniambia jikaze. Nikajikaza. Mimi niliyekuwa kila siku nawaambia wagonjwa kwamba kujikaza si dawa, nilijikaza mpaka taya zikauma. Nikafaulu.

Sasa mkishamaliza ubingwa, swali ni moja tu: unaenda wapi? Mmoja wetu alikuwa anajiandaa kwenda nje. Mwingine anataka kuendelea, asomee akili za watoto. Mwingine anafungua kliniki yake. Yule mwenzangu mpenda wali akapata kazi mjini Dodoma. Mimi nikasema narudi Mpanda. Wakanishangaa, eti utakaa na nani kule? Lakini mama alikuwa ameshatangaza Majengo nzima kwamba mwanae anarudi. Ningefanyaje? Nikarudi. Nikafungua mlango wa nyumba, nikaita "Hodi" kama nilivyozoea, na hakuna aliyeitikia. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba miaka yote ile nilikuwa natamani kurudi kwa mtu, na huyo mtu hayupo.

Kazi ilikuwepo, tena tele. Mlikuja, wengine mmewafunga ndugu zenu kamba kwa sababu mlikuwa hamjui la kufanya, na tulizifungua pamoja. Nilifanya kazi vizuri, sijisifu, nyie ni mashahidi. Lakini jioni nilikuwa natoka na wale wagonjwa wote kifuani. Hakuna wa kumwambia nimekukabidhi. Nilikuwa nawakumbuka wenzangu, nasikia mpaka vicheko vyao. Nafunga mlango, nakaa kwenye kiti cha mama, nalia kidogo, naamka, naenda kazini.

Bado hapo sikuwa naumwa. Mtu akikumbuka wa kwao akalia, huyo ni mzima. Ugonjwa ulikuja baadaye, na ulikuja kimya kimya. Siku zilivyokwenda, machozi yakakata. Nikafikiri nimezoea. Kumbe hata! Nilikuwa simkumbuki tena mama. Sikumtamani mtu, sikutamani chakula, wimbo ukipigwa redioni ni kelele tu. Nakula vijiko vichache ili nisianguke kazini. Usingizi hakuna. Kuoga kukawa mradi. Ikafika mahali nikawa natamani nilale nisiamke. Nalisema wazi kwa sababu najua humu ndani kuna mwingine anayelitamani hilo, na anadhani yuko peke yake.

Mavuno yakafika, mama mdogo wangu wa Majimoto akanitumia kiroba cha mchele wa shamba la mama, na mafundo yale yale ya mama. Nilikisukuma pembeni ya jiko, sikukifungua. Ule mchele niliokuwa naulilia Dar!

Ndipo mwalimu wangu mmoja wa zamani akanipigia. Akasema kuna nafasi chuoni Dar, ya kufundisha, na wagonjwa, na wenzako wapo. Nafasi ambayo mwenzangu yeyote angeruka ruka. Mimi nikajibu, "Sawa," kama mtu aliyeulizwa chai iwe na sukari au isiwe nayo. Nikaanza kugawa vyombo. Majirani wakaniombea safari njema, wakasema daktari amepanda cheo. Hakuna aliyejua kwamba kwangu kwenda na kubaki kulikuwa kitu kimoja, na kufa pia kitu hicho hicho.

Jumapili moja mchana niko jikoni nafunga masufuria. Nikasogeza kile kiroba. Ndugu zangu, fukusi walimwagika sakafuni, weusi, wanatembea. Mchele wa Majimoto umeliwa na wadudu ndani ya nyumba yangu, na mimi sisikii chochote. Si hasira, si huruma. Nikasimama nawatazama tu. Na yule daktari aliyebaki ndani yangu akasema, huyu mgonjwa hali yake ni mbaya.

Nikachukua simu, nikampigia yule mwenzangu wa Dodoma. Sasa mtaona mambo ya sisi wataalamu. Mtu wa kawaida angesema, "Dada, naumwa." Mimi nikasema, "Nina mgonjwa, nataka ushauri."

Akasema, "Lete."

Nikaanza kama wodini. Mgonjwa ni mwanamke, umri wa makamo, hajaolewa, ameajiriwa. Hali chakula, halali usingizi, miezi sasa. Alifiwa, hakumaliza matanga. Ameanza kugawa vitu vyake. Sauti yangu imenyooka kabisa, hata kukohoa sikohoi.

Akauliza, "Nyumbani anakaa na nani?"

"Peke yake."

"Kuna kitu chochote bado anakifurahia?"

"Hakuna. Alikuwa anapenda wali wa kwao, ametumiwa mchele, ameuacha mpaka umeingia fukusi."

Nikafikiri mtandao umekata, mnaijua mitandao yetu. Kisha akauliza taratibu, "Huo mchele... umefungwa kamba ya katani?"

Nilikaa chini pale pale na fukusi wangu.

Akaniambia, "Malizia, dada. Unajua neno linalofuata."

Nikasema, "Nimekukabidhi."

Akasema, "Nimepokea. Kuanzia sasa wewe si daktari wake. Usimguse, usimwandikie dawa, utamuua. Nipe namba ya mama mdogo."

Mama mdogo akaja kesho yake, kapanda pikipiki, kisha gari, na kuku mkononi. Hakuniuliza unaumwa nini. Alitazama jiko, akasema, "He! Mchele wa dada yangu unawalisha wadudu?" Akachukua ungo, akakaa barazani kupepeta. Wale fukusi aliwatoa wote, na mchele ukaliwa. Mimi niliula bila ladha, lakini niliula, kwa sababu alikuwa amesimama mlangoni na mwiko.

Mwenzangu alikuwa ameshanitafutia daktari Tabora. Tukapanda treni mimi na mama mdogo, tukapita Kaliua, tukafika. Nikakaa benchi la wagonjwa. Nikaitwa kwa jina langu tupu, bila "daktari" mbele yake, na mama mdogo akataka kugombana na nesi kwamba huyu ni mkubwa. Nikamvuta gauni. Niliona aibu, sitadanganya, lakini ile aibu ilikuwa hisia ya kwanza kuipata baada ya muda mrefu. Nikapewa dawa na siku za kurudi kuzungumza. Kila asubuhi nyumbani mama mdogo ananisimamia: "Meza. Fungua mdomo nione. Inua ulimi." Daktari bingwa nainua ulimi.

Nyie mnaozijua dawa hizi mnajua hazikimbii. Nilikata tamaa mara nyingi, na kila mara mwenzangu kwenye simu ananiambia, mgonjwa ni wangu, wewe hukuombwa maoni.

Mpaka asubuhi moja. Mama mdogo alikuwa anakaanga mgebuka, moshi ukaingia chumbani. Na papo hapo nikamsikia mama yangu akinigombeza kwamba samaki hageuzwi geuzwi, atavunjika. Kitu gani sijui kikafunguka. Nililia ndugu zangu, nililia kwa sauti, "Mama, mama," mpaka majirani wakaja mbio wakidhani kuna msiba. Mama mdogo akatoka barazani na mwiko wake akawaambia, "Mwacheni. Anamlilia mama yake, alikuwa bado hajamlilia."

Siku hiyo ndiyo nilijua napona. Iliuma kupita kiasi, na nilishukuru kwamba inauma. Nikatamani uji, nikatamani kusuka nywele, nikawatamani wenzangu wote. Tukaenda Majimoto, ndugu wakakaa na mimi, wakapika, tukamaliza yale matanga niliyoyakimbia.

Kisha yule mwalimu akapiga tena, maana safari ile niliiahirisha kwa ugonjwa. Nafasi bado ipo. Safari hii nusura niruke ruka, kwa sababu niliitaka kweli! Nilitaka kufundisha, nilitaka kukaa kwenye chumba chenye watu wanaoongea lugha ya kazi yangu. Bado naitaka, nawaambia ukweli wangu. Lakini nilipofikiria kufunga kile chumba changu cha kliniki, niliwaona nyie mmoja mmoja, nikajiuliza, nitamkabidhi nani? Nani hapa atasema nimepokea? Hayupo. Basi zamu bado ni yangu. Kuna daktari wetu mmoja wa hapa amekwenda kusomea ubingwa huu huu. Akirudi nitamkabidhi, halafu tutaona kama chuo bado kinanitaka. Mpaka hapo, kila wiki napigiana simu na wenzangu, tunakabidhiana mizigo, kila mtu alipo.

Namshukuru yule mwenzangu aliyenitambua kwa mchele. Namshukuru daktari wa Tabora. Namshukuru mama mdogo, yuko pale nyuma anajifanya hasikii. Na nyie mliokuwa mkiniuliza, "Daktari, mbona umekonda?" na mimi nawajibu kwa ukali, mnisamehe, mliona kabla yangu.

Nililojifunza ni hili. Ukimlilia mtu wako, usiogope, lia. Ogopa siku utakapoona humkumbuki tena, hutamani kitu, na unajisifu umekuwa jasiri. Siku hiyo mtafute mtu, hata kama utaanza kwa kusema una mgonjwa.

Mimi sijamaliza kumtamani mama. Leo nilipofungua kiroba kipya cha mchele wa wali huu nilikutana na yale mafundo, nikayafungua polepole. Nimechoka kuibeba hamu hii peke yangu kwenye ile nyumba. Nimewakabidhi.

Mnasemaje?

Semeni kwa nguvu, mama mdogo naye asikie.

Haya, nimewasikia. Nawashukuru. Njooni tule, wali unapoa.