Agathe Bolamba na Mwito wa Nne

Ndugu, jamaa na majirani wa komini ya Tshopo, mimi Évariste Bolamba, mdogo wake marehemu, familia imenituma niwasomee maisha ya dada yangu, na naomba wale wanaonong'ona huko nyuma wanyamaze kidogo, maana nitakayosoma ni hayo hayo mnayonong'ona.

Agathe Bolamba alizaliwa Basoko tarehe 3 Machi 1957, mtoto wa kwanza wa papa Isaïe, mvuvi, na mama Julie, akaanza shule ya msingi kwa masista mwaka 1963, lakini mwaka uliofuata uasi uliingia, shule ikafungwa, tukakimbilia porini pamoja na nyanya yetu Philomène. Huko porini, ili tusilie tukasikika, nyanya alitusimulia habari za Losanga, msichana aliyeachwa peke yake nyumbani, chui akajifunza kuita kwa sauti ya mama yake, lakini Losanga hakufungua, kwa kuwa mama alikuwa amemwambia kwamba chui huita mara tatu akachoka, ila anayekupenda ataita mara ya nne. Sisi wengine tulikua tukaisahau hadithi hiyo, Agathe hakuisahau.

Alirudi shuleni mwaka 1966, akapata diploma ya ualimu hapa Kisangani mwezi Juni 1976, na Septemba ya mwaka huohuo akaanza kufundisha darasa la kwanza, kazi aliyoifanya miaka ishirini na sita, na hakuna mtoto aliyepita mikononi mwake bila kumjua Losanga, hata ninyi vijana mliobeba jeneza leo, mlikuwa mkipiga kelele darasani mkihesabu moja, mbili, tatu, nne.

Tarehe 28 Julai 1979 alifunga ndoa na Liévin Kasongo, mtu wa Maniema, fundi wa mitambo ya umeme kwenye maporomoko ya mto, mtu wa mizaha, ambaye kila watoto waliposimuliwa habari za Losanga yeye ndiye alikuwa wa kwanza kukoroma, tukamcheka sana, maana hakuwahi kufika mwisho wa hadithi. Mungu aliwajalia watoto wawili, Priscille mwaka 1984, na Désiré mwaka 1991.

Jumatatu tarehe 5 Juni 2000, majeshi mawili ya kigeni yalipoanza kupigana katikati ya mji wetu, Liévin alikuwa kazini, Agathe akafunga mlango kwa komeo, akawalaza watoto chini ya kitanda. Jumanne watu wenye silaha walimkamata jirani mmoja, wakamlazimisha aite watu nyumba kwa nyumba kwa majina yao, na waliofungua tuliwazika, lakini kwa Agathe sauti ile iliita mara tatu, haikujibiwa, wakapita. Jumatano tarehe 7, mchana, sauti nyingine ikaita, Mama Priscille, sauti iliyokauka kwa kiu na moshi, ikaita mara ya pili, ikaita mara ya tatu, Désiré akataka kuinuka, mama yake akamziba mdomo kwa kiganja, akangoja ya nne. Haikuja.

Alikuwa Liévin. Tonton Emile, mzee wa mtaa wetu, aliyekuwa amejilaza mtaroni ng'ambo ya barabara, alimsikia akisema kwa furaha kwamba, bon, ameita mara tatu kama kwenye hadithi ya Losanga, hawako, basi wameshavuka mto, akaelekea darajani kuwatafuta, na bomu likamkuta kabla hajafika. Maskini shemeji yangu, alidhani hadithi inaishia tatu.

Sasa mnasema Agathe alimfungia mume wake nje. Jamani! Ndiyo, alimfungia, na kwa mlango uleule aliwaokoa watoto wawili mnaowaona wamekaa hapa mbele, na hakuna mmoja wenu aliyemhukumu kama alivyojihukumu mwenyewe. Shule zilipofunguliwa alirudi darasani, akasimulia habari za Losanga vilevile, na mimi nilipomkasirikia, nikamwambia aiache hadithi hiyo iliyomwua mumewe, alinijibu kwamba chui bado wako mjini, na watoto wa watu hawana komeo lingine. Lakini nyumbani kwake hakufunga mlango tena, na kila aliyeita uani, hata muuza kwanga, aliitikiwa mara moja, na siku nyingine tulimsikia akiitika, wala hakuna aliyemwita.

Ugonjwa wa tension, yaani shinikizo la damu, ulimwanza Januari 2001, mwezi Agosti mwaka huu akapooza upande wa kulia, tarehe 9 Novemba tukampeleka hospitali, na Alhamisi tarehe 14 Novemba 2002, saa tano asubuhi, alifariki, mkono wake ukiwa mkononi mwa Priscille.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila dawa za kutosha, walimu wenzake waliomshikia darasa lake, majirani mliotupikia pondu na kulala nasi kwenye mikeka, na tonton Emile, aliyemletea dada yangu maneno ya mwisho ya mumewe, ingawa yalimuuma kuyasema.

Dada, watoto wako tutawatunza, nasi tutawaambia hadithi yote mpaka mwisho. Pumzika kwa amani, Agathe, na huko uendako, Liévin akikuita, itika mara ya kwanza.