Mawe ya Tumboni na Uji wa Wifi

Tumsifu Yesu Kristo! Nyie mliokaa nyuma itikieni vizuri, maana huyu aliyesimama hapa ilibaki kidogo mje kumzika.

Ndugu zangu, mimi Mama Sabina wa Malangali mnanijua. Mdomo ninao, na kula najua. Basi nikawa na maumivu hapa, chini ya mbavu za kulia, yanapanda mpaka begani. Natapika, jasho linanitoka na baridi yetu hii! Yakija yanakaa saa kadhaa. Yakiondoka nasahau, narudi kwenye sufuria.

Na yalikuwa yananikuta wapi? Kwa wifi yangu Mama Restuta, dada wa mume wangu, kule Kizwite. Kila jumuiya ikisali kwake tunakula nguruwe wa kukaanga, anaelea kwenye mafuta yake mwenyewe. Nikila maharage kwangu, mzima. Nikila kwake, nagaagaa chini. Na tulikuwa tumegombania mpaka wa shamba la ulezi! Jamani, mngefikiria nini? Nikasema huyu ananitupia kitu.

Nikashuka bondeni kwa mganga, nikamtajia jina la wifi. Akanichanja ubavuni, akaweka pembe, akafyonza, akatema kokoto mkononi. Kokoto kabisa, ya barabarani! Nikashangilia mpaka nyumbani. Na kwa furaha ya kupona, nikakaanga nguruwe.

Weee! Safari hiyo nilikoma. Homa, kutetemeka, macho ya manjano, mkojo kama chai ya rangi. Mume wangu alinipakia kwenye bajaji mpaka hospitali.

Wakanipiga picha ya tumbo. Dokta, binti mdogo tu, akasema, "Mama, una mawe kwenye mfuko wa nyongo." Ndugu zangu, niliinuka kitandani na homa yangu! "Si nilisema? Nimetupiwa mawe! Andika, dokta, na jina lake nakutajia!"

Yule binti alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akanieleza taratibu kwamba nyongo yenyewe ndiyo huganda ikawa mawe, na sana sana kwetu wanawake tuliozaa na kunenepa. Ukila mafuta ule mfuko unajikamua, jiwe linaziba njia, ndipo unapiga mayowe. La kwangu lilikuwa limeziba kabisa, maambukizi yameanza kuingia kwenye damu. Nikichelewa, nakufa. Hakuna aliyenitupia, nimeyatengeneza mwenyewe! Mimi, ambaye kokoto za msingi wa nyumba zimenishinda!

Wakanitundikia dripu za dawa. Homa iliposhuka wakanipa nusu kaputi, wakanipasua, wakatoa jiwe lililoziba pamoja na mfuko wenyewe. Nazinduka, nani amekaa pembeni ya kitanda? Mama Restuta! Alilala sakafuni pale wodini, akamwaga beseni langu la matapishi, akaninawisha uso. Waliponiruhusu kula, akanimiminia uji wa ulezi.

Niliutazama ule uji. Sina nguvu, sina pa kukimbilia, na nyuzi tumboni. Nikafanya ishara ya msalaba, kubwa.

"Wifi, unausalia uji au unanisalia mimi?" akauliza.

"Vyote viwili," nikasema. Sikuwa na nguvu ya kudanganya.

Akasema, "Nilijua ulikwenda bondeni. Nilijua na jina ulilotaja. Kunywa, uji unapoa."

Nikanywa. Nikalia, ndugu zangu, nikalia huku nimeshika nyuzi, naye ananikataza nisilie zisije zikafumuka.

Wifi, simama wakuone! Haya, basi, kaa, usione aibu.

Namshukuru Mungu aliyeniongoza kwenye mikono ya madaktari nikiwa bado napumua. Na wewe unayeshika ubavu kila ukila mafuta, halafu unamkodolea jirani macho, mtumaini Bwana, hajawahi kumwacha mtu. Piga magoti, sali, ukiinuka hapo nenda hospitali, usisubiri macho yabadilike rangi. Halafu huyo uliyekuwa unamtaja, mwite leo. Mimi wa kwangu nilimtaja kwa mganga, naye alikuwa ananitaja kwenye rozari.