Dada Aliyepima Maji ya Moto kwa Nyimbo za Krismasi

Ndugu waombolezaji, majirani, na ninyi mliotoka kazini mkiwa bado na sare, kabla sijasoma tarehe na miaka naomba niseme jambo ambalo nimelitafutia jibu kwa miaka thelathini na sita nisilipate. Dada yangu, tunayemzika leo Ijumaa, tarehe 22 Desemba 2023, aliimba nyimbo za Krismasi kila siku ya kazi, Machi, Juni, Septemba, mvua na jua, lakini siku ya Krismasi yenyewe hakuimba hata mstari mmoja. Nilipomuuliza alinijibu, "Mng'oa meno akirudi nyumbani, unataka ang'oe ya nani?" Watu wakacheka, nami nikabaki na swali langu.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1966, mtoto wa kwanza kati ya wanne, baba yetu akiwa seremala na mama akiwa mshonaji, katika nyumba ya vyumba viwili ambamo cherehani ilikaa mlangoni kufuata mwanga. Nyimbo alizipata hapo, kwa mama, aliyependa kuimba ule wa wachungaji huku akikanyaga cherehani, na hadi leo nikiusikia naona mguu wa mama ukipanda na kushuka, na dada yuko chini akiokota vipande vya nyuzi.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1973 hadi 1979, kisha sekondari kuanzia 1980 hadi 1983, ambako mwalimu wa hesabu aliandika kwenye ripoti yake, nayo tunayo mpaka sasa, "Ana akili, apunguze kuimba."

Tarehe 2 Mei 1985 aliajiriwa kuwa dobi wa hospitali, katika chumba cha nyuma kinachopakana na chumba cha maiti, chenye mapipa mawili ya kuchemshia, meza ya pasi na dirisha moja lisilofungika. Mwaka 1987 saa ya ukutani ilikufa, na kwa kuwa mashuka ya wagonjwa ni lazima yachemke dakika ishirini bila kupungua, dada alianza kupima kwa nyimbo alizozijua vizuri kuliko nyingine zote: ule wa wachungaji, beti zote sita, mara tatu, ulikuwa pipa la mashuka, ule wa nyota ulikuwa nguo za watoto wachanga, ule wa kengele ulikuwa kusuuza. Matroni wa wakati huo alikuja na saa yake mkononi, akasimama mwanzo hadi mwisho, akatoka akisema, "Huyu mtu amemeza saa." Tangu siku hiyo hospitali nzima ilimwita Mama Krismasi.

Fundi saa aliitwa aje kuitazama ile ya ukutani, akatikisa kichwa, akasema haiponi, lakini wiki iliyofuata alirudi kuhakikisha, na iliyofuata tena. Walifunga ndoa tarehe 19 Agosti 1989, na siku hiyo fundi alikiri mbele ya wakwe zake kwamba saa ile ilihitaji tu kupanguswa vumbi na tone moja la mafuta. Alitaka kwenda kuitengeneza, dada akamkataza, "Iache ilale, mimi nimeshazoea."

Mungu aliwajalia watoto watatu, binti wa kwanza tarehe 6 Februari 1991, kijana mwaka 1994, na binti mdogo mwaka 1999. Alipokuwa leba kwa uzazi wa kwanza aliimba ule wa nyota kwa meno yaliyokazwa, mkunga akamwambia, "Mama, Krismasi imepita!" naye akamjibu, "Najua, lakini kazi haijaisha."

Mwaka 2003 mfiwa mmoja, aliyekuwa akisubiri mwili wa mama yake, aliingia chumba cha kufulia kwa hasira, akasema, "Sisi tunalia, nyie mnasherehekea?" Dada alimwambia, "Samahani baba, nikinyamaza shuka la mgonjwa litatoka bichi," akashusha sauti, akaendelea. Kesho yake yule mtu alirudi, akasimama dirishani, akamwomba arudie ubeti wa tatu, kwa sababu mama yake aliuimba kila Desemba akipanga sahani kabatini, na yeye alikuwa ameusahau.

Zamu ya Krismasi alipangiwa mara nyingi, na siku hiyo aliazima saa ya mkononi ya mumewe, akaiweka dirishani, akafua kimya. Hilo ndilo sikulielewa, na sasa sina wa kumuuliza.

Kuhusu ugonjwa, ndugu zangu, sina cha kusoma. Hakuugua. Jumatatu alisema kichwa kinamgonga, akanywa maji, akalala. Jumanne tarehe 19 Desemba, saa nne na nusu asubuhi, akiwa kwenye ubeti wa nne, alinyamaza, na mwenzake tunayemwita Pasi, akiwa amempa mgongo mezani, alimtania, "Mama Krismasi, leo umeishiwa?" Alipogeuka alimkuta sakafuni, madaktari wakaja mbio, wakatuambia mshipa wa damu umepasuka kichwani. Pipa lilikuwa bado linachemka. Ninasoma maneno haya, lakini sijayaamini, na nikiwatazama usoni naona nanyi hamjayaamini.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliopambana hadi dakika ya mwisho, majirani mliotuletea viti, maji na mabega yenu, na wafanyakazi wenzake wa chumba cha kufulia, ambao tangu Jumanne wanasema kimya cha kile chumba hakikaliki.

Limebaki moja. Jumatano jioni binti mkubwa aliomba mama yake azikwe kwa nyimbo zake, na shangazi yetu, dada wa baba, alikataa, akasema, "Mtu hazikwi kwa nyimbo za kuzaliwa, mnataka tuchekwe?" Binti akalia, "Bibi, mama alikuwa na nyimbo gani nyingine?" Mimi mwenyewe nilisita, maana sikujua kama dada angetaka, yeye aliyejinyima siku yenyewe. Ndipo fundi saa, mume wa marehemu, akasema, "Alichokuwa anawaza mimi sijui. Aliimba kazini, nyumbani hakuimba. Basi hapa nyumbani zisiimbwe."

Shangazi akamuuliza, "Na kaburini, mwanangu?"

"Kaburini kuna kazi, shangazi."

Shangazi akasema, "Hiyo sina la kuipinga."

Pumzika, dada, kwa amani uliyotufulia na kutunyooshea sisi sote.

Imeamuliwa hivi: kwaya haitaimba. Wataimba watakaoshika koleo, tangu udongo wa kwanza hadi wa mwisho, na koleo zikisimama, nyimbo nazo zisimame. Wa kuanzisha ni shangazi, ameomba mwenyewe, na mnamwona pale, ameshakunja mikono ya gauni.