Ndoo Aliyoikalia Shemeji

Benchi letu liko nje ya saluni ya Kinyozi, chini kabisa ya dirisha la chumba cha mama yake, na siku hizi linakaa kavu mpaka watu wanagombea nafasi. Mimi nauza kahawa hapo, na kwa kuwa nauza kahawa nasikia mengi kuliko ninavyopenda. Asubuhi ile Waya, fundi redio, alikuwa kwenye kona yake. Wakili naye alikuwepo. Hajasoma sheria, ila aliwahi kuitwa shahidi kwenye kesi ya mbuzi aliyepotea, na tangu siku hiyo hajashuka kizimbani. Shemeji alikuwa amekalia ndoo ya bluu iliyopinduliwa, maana benchi lina mguu mmoja mbovu na yeye ni mtu wa uzito wake. Ni shemeji wa mtu mmoja tu mtaa mzima, lakini sote tunamwita hivyo. Nilikuwa namimina duru ya kwanza Kinyozi alipotoka ndani, uso umemshuka.

— Jamani, AC ya mama imemwaga maji tena. Godoro limelowa chapachapa.

— Si ndiyo leo anatoka hospitali? nikamuuliza.

— Ndiyo leo hii. Dada yangu anamleta, wako njiani. Kaniambia kwenye simu, akikuta chumba kina maji hateremshi hata begi. Anageuza gari, anampeleka kwake. Na kwake si pa kutembea, wewe dada wa kahawa, ni kuhama.

— Mama mwenyewe anasemaje?

— Anasema kwake ni hapa. Lakini mguu una kidonda cha upasuaji. Hautakiwi kulowa, na joto halitakiwi. Dada ana haki, hilo ndilo linaloniuma.

Nilimwonea huruma. Kinyozi anajitia ugumu mbele za watu, lakini ni mtoto wa mama, na nyumba ile bila mama yake ni viti na vioo tu.

— Fundi wa AC je?

— Simu inaita mpaka inachoka. Hapokei.

— Wa nini fundi, akasema Waya. Gesi imeisha.

— Umeiangalia?

— Gesi haionekani. Ndiyo maana inaisha watu hawajui. Ikishaisha, nafasi yake lazima ikaliwe na kitu. Inakaliwa na maji.

— Na redio yangu inayokoroma, nayo gesi? akauliza Shemeji.

— Redio ni betri. Usichanganye mada.

Wakili akaweka kikombe chini. Akiweka kikombe chini ujue kesi imeanza.

— Napinga. Swali la msingi ni hili: maji ni ya nani? Chumba cha mama kina bomba la maji?

— Hakina, akasema Kinyozi.

— Kwa hiyo yametoka kwa mtu. Ile mashine inavuta maji ya jirani wa nyuma kupitia ukutani. Mita inasoma kwake, kitanda kinalowa kwetu.

— Jirani wa nyuma maji yamemkatikia wiki ya pili sasa.

— Umeona? Yamekwenda wapi?

Kinyozi akageuka kuutazama ukuta wa nyuma. Kwa kweli hata mimi niliutazama.

— Nyote mnapapasa gizani, akasema Shemeji. Ile AC inalia.

— Inalia nini?

— Upweke. Mama anaifuta vumbi kila siku, akitoka anaiaga. Nimemsikia kwa masikio yangu, anaiambia "haya, baki salama." Sasa kaondoka ghafla, hakuna wa kuiaga. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye.

— Hiyo methali haiingii hapo, Shemeji.

— Haiingii vipi, na kulia kumo mara mbili?

— Basi kama inalia ni homa, akasema Waya, ambaye hakubali kuachwa nyuma. Mashine zile zimetengenezwa nchi za baridi. Hapa zinashikwa na homa, zinatoka jasho. Tuifunike blanketi usiku mmoja, itapoa.

— Mashine ya kupooza, uifunike blanketi?

— Mgonjwa wa homa hafunikwi?

— Mama yangu anakuja saa hizi, Kinyozi akasema. Mimi nataka mtu aniambie nifanye nini.

Wakili akamshika bega.

— Sikiliza, kijana. Dawa ya maji ni kuziba. Tafuta yanapotokea, ziba. Kama sisi tulivyokuzibia lile bomba lako la nje ulipokuwa hospitali na mama yako, hata hukutuambia ahsante.

— Usipoziba ufa utajenga ukuta, akaongeza Shemeji.

— Bomba gani? akauliza Kinyozi.

Hakujibiwa, maana teksi ilikuwa imeshapiga honi. Ilisimama mbele yetu. Dada mtu alishuka kwanza, kajifunga mtandio kiunoni kama mtu aliyekuja kwa kazi. Kisha yakatoka magongo mawili, kisha mguu wenye bandeji, kisha mama mwenyewe, aliyekataa kushikwa mkono. Kaamkiwa na kila mtu, kaitikia "marahaba" zote bila kuruka hata moja. Tukampisha benchini. Dada mtu akasema, "Pumzika hapo mama, nikague chumba," akapanda ngazi. Kinyozi akamfuata kama mtu anayepelekwa polisi.

Mama aliitazama mikebe yake ya maua iliyopangwa ukutani. Yote ilikuwa imenyauka. Akapapasa ubao wa benchi, akaangalia juu, akaangalia chini.

— Hapa pakavu, akasema.

— Pakavu kabisa, mama, akasema Wakili kwa furaha. Tumekutunzia.

— AC yangu inawaka?

— Inawaka tangu jana. Mwanao kaiwasha ukute ubaridi.

— Ikiwaka, hapa huwa panadondoka maji. Nilikuwa naweka ndoo, yakijaa namwagia maua. Sasa maji yangu yanapita wapi?

Swali lilikuwa dogo, mtoto angeliuliza. Waya akachungulia ndani ya kikombe. Wakili akatafuta kifungo cha shati kilichokuwa mahali pake. Shemeji ndiye aliyekuwa na hali ngumu zaidi, alikuwa anajaribu kuinuka kwenye ndoo bila kuonekana, na mtu wa umbo lile hainuki bila kuonekana. Mimi sikuziba kitu. Nilishika kiti tu wakati wenzangu wanapanda.

Kutoka juu tukasikia sauti ya dada mtu.

— Godoro linachuruzika. Mama, rudi garini.

— Nisubiri kidogo, mwanangu. Mama akamgeukia Wakili. Wewe ni shahidi wa siku nyingi. Nani kaziba bomba langu?

— Mama, tuliona linavuja. Lilikuwa linadondokea vikombe.

— Halivuji, linatoa. Kuvuja ni maji kutoka pasipotakiwa. Haya yalitakiwa yatoke hapa. Fundi aliyeifunga AC alinieleza, hewa ya chumba ina unyevu, mashine inaukusanya, inautoa nje kwa bomba hilo. Mmeunyima njia, umerudi kwangu.

— Usipoziba ufa, Shemeji akaanza, kwa mazoea tu.

— Nyie mmeziba, baba. Mkajenga kisima juu ya kitanda changu.

Tulicheka, na yeye alicheka, mpaka akashika mguu. Kicheko chake ndicho kilichotutoa aibu. Waya akapanda juu ya benchi, mimi nikashika mguu mbovu wa benchi, akakifikia kile kibomba cheupe kinachochungulia ukutani. Akatoa kwanza utepe mweusi wa umeme, ambao alikuwa anaujua vizuri. Kisha karatasi za gazeti la Wakili. Kisha soksi.

— Nilikuwa naitafuta hiyo, akasema Shemeji.

Maji hayakutoka. Waya akaingiza waya wake, safari hii waya wa kweli, akauzungusha, akavuta kamasi refu la kijani. Halafu maji yakaja yote kwa pamoja, yakamshukia kichwani, yakaingia kwenye kahawa yake na ya Wakili, na mimi yakanilowesha.

— Mzime AC, mama akaita kuelekea dirishani. Halafu mfungue kifuniko, mmwage maji ya uvuguvugu kwenye trei yake ya ndani. Taratibu. Mpaka huku yatoke safi.

Maji ya moto yaliyokuwepo ni ya kwangu tu, ya duru ya pili. Niliyachanganya na ya baridi, nikampandishia Kinyozi. Akamimina taratibu, na Shemeji alikuwa chini na ile ndoo ya bluu, safari hii imesimama wima, anatoa taarifa: "Machafu. Machafu. Yana afadhali. Safi." Kinyozi akalitoa lile godoro, akaingiza la kwake. Dada mtu akafuta sakafu, kisha akapitisha kiganja ukutani. AC ikawashwa.

Kisha tukasubiri. Ilikuwa mara ya kwanza benchi lile kukaa kimya na hakuna mtu aliyekuwa amelala. Dada mtu alisimama juu dirishani anaangalia kitanda, sisi chini tunaangalia bomba.

Tone la kwanza lilipogonga ndoo, Wakili alivua kofia.

Dada mtu akashuka. Akainama kutazama ndani ya ndoo, kisha akamtazama mama yake.

— Na likiziba tena, mimi niko mbali?

— Nitapiga kelele dirishani. Hawa wapo hapa tangu asubuhi mpaka jioni, hawana pa kwenda.

Hakuna aliyebisha. Dada mtu akafungua mtandio kiunoni, akautupa begani. Halafu akaenda nyuma ya teksi, akafungua buti, akatoa begi la mama. Kinyozi alilipokea kwa mikono miwili, akageuka haraka aingie ndani tusimwone uso. Tulimwona.

Mama alipanda ngazi mwenyewe, gongo moja baada ya jingine, anapumzika kila anapotaka. Dada mtu akabaki chini, akakaa kwenye benchi lililolowa bila kulifuta.

— Dada, kahawa ipo? akaniuliza.

— Imeisha, nikasema. Imepita bombani.

Kutoka dirishani juu yetu sauti ikashuka:

— Shemeji. Ndoo ikijaa usiikalie. Mwagia maua.