Udongo wa Rebeka

Kivuko cha kutoka Nansio kilikuwa kinakaribia Mwanza nilipoacha kujifanya nasinzia. Mbele yangu mwalimu wa riadha, filimbi shingoni, alikuwa akimsimulia muuguzi waliyekutana naye humohumo habari za mkimbiaji wake, Rebeka.

“Alikuwa anawaacha wanaume, mama. Sasa kilomita tano tu anakaa chini, anahema. Nikamkuta anatafuna udongo, ule wa wajawazito. Nikamtoa kwenye timu, nikampigia baba yake.”

“Alipimwa mimba?” muuguzi akauliza.

“Udongo wote ule, mama, apimwe nini tena?” Mtu huyuhuyu, dakika chache kabla, alikuwa akijisifu kwamba hupima mbio kwa saa mbili tofauti za mkononi ili asimwonee mtu.

Muuguzi akamgeukia mwili mzima. “Mwalimu, hata mtu aliyepungukiwa damu hutamani udongo! Anachoka, anahema, moyo unamwenda mbio. Na wasichana wanaokimbia kila siku ndio hasa tatizo hilo huwapata. Ungempeleka akapimwe damu tu! Baba yake alisemaje?”

“Amemfukuza nyumbani. Tangu Jumanne binti hapatikani kwenye simu.”

“Mungu wangu!”

“Sasa nimrudishe kwenye timu?”

“Timu? Kwanza mtafute umrudishe kwao!”

Kivuko kikagusa gati, watu wakainuka. Mimi, bibi mwenye wajukuu wanne, sikuinuka. Kipande cha udongo kilikuwa mdomoni mwangu, na asubuhi ngazi za kivuko zilinimaliza pumzi, nikasingizia uzee.